Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Udongo Wetu na Tabaka Gumu Lililo Chini Yake

Ndugu wanachama,

Kazi kubwa ya kamati ya chama chetu cha wakulima mwaka huu imekuwa kuchimba. Tumefungua mashimo ya kukagua udongo yenye kina cha mita moja na nusu kwenye mashamba ya wanachama, juu ya mteremko, katikati na bondeni. Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nitazungumzia udongo, maana mikorosho inayokauka ncha, mahindi yanayonyauka Februari na unga mweupe unaojitokeza kwenye bustani, yote yanatokana na chanzo kimoja.

Sehemu kubwa ya mashamba yetu hapa Manyoni ni udongo mwekundu, tifutifu wenye kichanga. Juu ni laini, na mvua ikinyesha maji huzama upesi. Rangi ile nyekundu ni ya chuma kilichopata hewa ya kutosha. Udongo unaotuama maji huwa na mabaka ya kijivu, na sisi hatuna mabaka hayo isipokuwa bondeni. Kwa hiyo mtu akiutazama kwa juu atasema hauna kasoro. Lakini ukishuka, mahali pengine sentimita 40, pengine 80, sururu inagonga na kurudi. Hapo pana tabaka la mchanga na changarawe vilivyoshikamana kama zege. Si jambo geni kwa wataalamu wa miamba: miamba ya namna hiyo iliyoko ukingoni mwa bonde la ufa wameipa jina la Saruji ya Kilimatinde.

Wanachama wengi wameuliza: udongo unaopitisha maji vizuri unawezaje kuwa na sakafu iliyoziba? Jibu liko kwenye mvua. Tunapata kati ya milimita 500 na 700 kwa msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha jua la miezi saba. Maji yanayozama huyeyusha chokaa na silika (madini yaleyale ya mchanga) kidogo kidogo na kushuka nazo. Yakifika kina fulani yanaisha, kwa kuwa mizizi na jua vimeyanyonya, na kilichoyeyuka kinabaki palepale kikiganda. Rudia hivyo kwa maelfu ya miaka, utapata tabaka tulilonalo. Kwa kawaida mvua haitoshi kujaza nafasi iliyo juu yake, ndiyo maana udongo unaonekana mkavu na wenye hewa. Mvua ikizidi, maji hufika kwenye tabaka, hutiririka juu yake kufuata mteremko, na kutokeza kwa jirani wa chini.

Kabla ya jambo lolote, pima kina. Chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 1.2, ichonge ncha, ishindilie baada ya mvua kubwa udongo ukiwa umelowa. Ikikwama, usiamini mara moja. Jaribu tena sehemu mbili nyingine umbali wa nusu mita. Zote tatu zikikwama kina kilekile, ni tabaka. Ikikwama moja tu, umegonga jiwe. Pima kila baada ya hatua 20 kutoka juu hadi chini ya shamba. Shimo moja halitoshi, kwa sababu kwenye mteremko udongo hubadilika kwa mpangilio. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani na kutoa ramani ya udongo wa Afrika Mashariki mwaka 1936, alilionyesha jambo hili kwa kutumia miteremko ya nchi hii hii.

Baada ya kupima kina, jua aina ya ugumu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lake ni ghali. Chukua kipande kikubwa kama ngumi, kikaushe kabisa, kitumbukize kwenye ndoo ya maji, kiache hadi asubuhi. Kikimomonyoka kuwa tope, hilo si tabaka la saruji. Ni ugumu wa kulima kina kilekile kila mwaka kwa plau au kwa disk za trekta, na mara nyingi utaukuta kati ya sentimita 12 na 20. Kisipomomonyoka, kimeshikamanishwa. Sasa kikamulie limau. Kikitoa povu kina chokaa. Kisipotoa povu na kikabaki kigumu vilevile, kinachokishika huenda ni silika au chuma, na hapo usitegemee chochote isipokuwa mtaimbo.

Nasema ni kosa ghali kwa sababu msimu huu wapo waliolipia ripa ya kukokotwa na ng'ombe, yaani jembe la jino moja la kupasua udongo mgumu, wakidhani itavunja tabaka lililo sentimita 60. Ripa hiyo inafika sentimita 20 hadi 25. Inafaa sana kwa ugumu wa plau, na ni lazima ipite udongo ukiwa mkavu ili upasuke. Ukiwa umelowa, jino linapita kama kisu kwenye siagi na kuacha kuta zilizosilibwa. Jino lizame sentimita 5 chini ya ugumu huo wa plau, na mstari na mstari usizidi mara moja na nusu ya kina hicho. Kwa saruji ya chini, ripa hiyo ni kupoteza fedha, na kamati haitapendekeza tena ikodishwe bila kipimo cha nondo kuonyeshwa kwanza.

Kina ndicho kinachoamua kiasi cha maji. Udongo kama wetu huhifadhi takriban milimita 110 za maji yanayofaa kwa mmea katika kila mita ya kina. Penye sentimita 60 una milimita 66. Mahindi yanayotoa mbelewele hutumia milimita 5 hadi 6 kwa siku, kwa hiyo una akiba ya siku 12 mvua ikikatika. Penye sentimita 30 ni siku 6 tu. Mahali pa namna hiyo panda uwele au mtama, achana na mahindi, hata kama mwaka uliopita yalitoka. Alizeti ina mzizi mrefu, lakini mzizi ukikutana na saruji hujikunja na kwenda pembeni, na faida ya urefu wake inapotea.

Ni kwa sababu hiyohiyo mmomonyoko unatuuma kuliko wenye udongo mrefu. Sentimita moja ikichukuliwa na maji kwenye hekta moja ni karibu tani 150 za udongo, na hakuna kitu chini cha kufidia. Matuta ya kontua, yaani yanayokata mteremko kwa usawa mmoja, na matuta yaliyofungwa kwa vizuizi vidogo kati yake yasiachwe kwa wachache. Anayelima juu bila matuta anaondoa pia udongo wa aliye chini yake.

Sasa mikorosho. Nafasi ya mita 12 kwa 12, miti 28 kwa ekari, haina tatizo. Tatizo ni shimo la kupandia. Shimo la sentimita 60 kila upande lina ujazo wa lita 216, na likiishia juu ya tabaka bila kulitoboa, umetengeneza pipa. Mvua kubwa inalijaza, mizizi inakosa hewa na kuoza, huku udongo wa mita tatu pembeni ukiwa mkavu. Mche ukinusurika, utapendeza miaka miwili au mitatu. Kisha mizizi inamaliza nafasi yake, ncha zinaanza kukauka kila kiangazi, na upepo mkali unauangusha mti wenye mizizi iliyolala kama mkeka. Miti tuliyoing'oa ilikuwa hivyo.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Chimba wakati wa kiangazi. Tenga udongo wa juu upande mmoja. Ukifika kwenye tabaka, kama unene wake haufiki sentimita 30, livunje lote kwa mtaimbo, upana mzima wa shimo. Kama ni nene, toboa katikati tundu lenye upana wa sentimita 20 hadi 30, mpaka ufikie udongo laini chini yake. Kisha mimina maji yafikie kina cha sentimita 15, yaache yanywewe, mimina tena na upime. Yakishuka sentimita 10 ndani ya saa 4, panafaa. Yasiposhuka, endelea kutoboa au hamisha shimo. Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na madebe mawili ya samadi iliyooza. Vipande vya tabaka visirudi shimoni, hasa vyenye chokaa. Vipange kwenye mstari wa kontua vizuie maji.

Wenye bustani za visima virefu, unga mweupe juu ya ardhi ni chumvi. Kila maji ya kisima yana chumvi kiasi, na tabaka likiziba hakuna njia ya kuisukuma chini. Kumwagilia zaidi kunaipandisha. Weka matandazo, mwagilia kidogo kidogo, na usifungue bustani mahali ambapo tabaka liko kwenye kina kisichofika sentimita 60.

Kuhusu mbolea, neno moja tu: penye povu la limau, fosfeti ghafi ya Minjingu haitayeyuka vya kutosha kwa kuwa inahitaji udongo wenye asidi, na urea ikiachwa juu hupotea hewani. Ifukie sentimita 5.

Wapo waliosema tabaka hili ni laana. Usukumani, udongo wa itogolo wenye tabaka gumu karibu na uso ndio unaochimbwa majaluba ya mpunga, kwa sababu unashika maji. Wenye sehemu za bondeni zenye mabaka ya kijivu, kamati inawashauri wajaribu robo ekari ya jaluba badala ya kupanda mikorosho humo kwa mara ya tatu.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba kibali cha mkutano kwa mambo mawili: kununua mitaimbo na nondo za kupimia, zikae kwa makatibu wa vitongoji, na kutotoa mche wa mkorosho kwa mwanachama ambaye shimo lake halijapimwa maji. Kila mmoja aje mkutanoni na vipimo vya kina vya shamba lake, angalau sehemu tatu, pamoja na kipande kikavu cha tabaka. Ndoo za maji na malimau vitakuwepo.

Mwenyekiti