Kirenio Bado Ana Kesi: Salamu za Noeli kwa Wenzangu wa Mlimani

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu zangu wa jumuiya, mlio Bukoba na mlio Songea, mliohamia Dodoma pamoja na wizara zenu, na wewe uliye Muscat ambaye Noeli yako ni siku ya kazi kama nyingine: heri ya Noeli. Nawaandikia nikiwa jikoni, mchele umelowekwa na nazi haijakunwa. Nikisema nisubiri nitulie, salamu hii itawafikia Epifania.

Aliyenikumbusha Mlimani, chuo chetu kikuu cha Dar es Salaam, mwaka huu ni binti yangu wa darasa la nne. Amepewa nafasi kwenye igizo la Noeli la watoto wa parokia: atasimama mbele na kutangaza sensa ya Kaisari Augusto. Siku ya tatu ya kukariri akanijia na karatasi yake. "Mama, Kirenio ni nani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtoto akadhani nimemcheka yeye, akanuna. Ikabidi nimsimulie, na sasa nawasimulia ninyi mliokuwepo, maana najua kila mmoja anaikumbuka kwa namna yake, na wengine mmejipa sehemu ambazo hamkucheza.

Ulikuwa mwaka ule tuliobaki chuoni. Muhula ulikuwa katikati, likizo yenyewe siku chache za kuhesabu, na nauli ya Bukoba kwenda na kurudi ingelimaliza bumu lote, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, kabla Januari haijafika. Kwa hiyo waliokuwa na ndugu Mbagala na Tegeta wakaenda kwa ndugu, na sisi wa mbali tukabaki na vimbweta vyetu (yale mabenchi ya zege ya kusomea), mbu wetu, na jumuiya yetu ya Jumatano usiku.

Juma la tatu la Majilio tulisoma Luka sura ya 2, kujiandaa na Misa ya Mkesha. Mwenzetu wa historia, mwaka wa tatu (hahitaji kutajwa, anajijua), akanyoosha mkono kama yuko darasani. Akasema sensa hii ina tatizo. Mathayo anasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai, na Herode alikufa mwaka 4 KK. Luka anasema ilikuwa sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu, yaani Siria. Lakini Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ile ya kwanza, anaiweka sensa ya Kirenio mwaka 6 BK. "Hapo katikati ni miaka kumi. Sasa nani amekosea?"

Wa hisabati akasema, bila kuinua macho, "Tisa. Hakuna mwaka sifuri."

Kisha kimya. Mwenyekiti wetu akasema hapa ni mahali pa sala, mambo ya semina yabaki kwenye semina. Dada mmoja wa kwaya akaanza kukunja kanga yake kama anayetaka kuondoka kabla radi haijapiga. Mimi, niseme ukweli, niliogopa kuliko wote. Nilikuja chuo na imani niliyopewa na bibi yangu, nimeifungia fundo kwenye pindo la kanga kama fedha ya nauli. Sikuwa nimelifungua fundo lile hata mara moja, kwa hofu kwamba nikilifungua nitakuta pungufu.

Padre mlezi alikuwa amekaa pembeni na chupa yake ya chai. Akasema, "Mwacheni. Swali limeshaingia jumuiyani, basi ni la jumuiya." Hakulijibu. Alitugawia kazi. Wa historia arudi kwa Yosefo. Wa isimu aende akamtafute mtu anayejua Kigiriki. Wa sheria aeleze Warumi walihesabuje watu na kwa nini. Mimi wa kemia nikaambiwa nikasome Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965 kuhusu Ufunuo. Nilidhani ni adhabu.

Jumatano iliyofuata walikuja watu ambao hatukuwa tumewaona jumuiyani tangu Oktoba. Wa sheria alieleza kwamba Yudea ilitiwa moja kwa moja chini ya Roma mwaka 6 BK, Arkelao mwana wa Herode alipoondolewa madarakani. Ndipo Kirenio akahesabu watu na mali kwa ajili ya kodi. Enzi za Herode mwenyewe, kodi ilikuwa kazi ya Herode. Wa historia akaongeza kwamba sensa ile ilizusha uasi wa Yuda Mgalilaya, na kwamba Luka mwenyewe anautaja kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 5. Kwa hiyo Luka hakuwa mtu asiyejua habari za sensa ile. Wa isimu akaleta hoja ya wachache kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa "ya kwanza" laweza kusomwa "kabla ya", yaani sensa iliyotangulia ile ya Kirenio. Akakiri kwamba wengi wanaona ni kulivuta neno masikio.

Zamu yangu ilipofika sauti ilitetemeka. Nilisema Mtaguso unafundisha kwamba Maandiko yanatupa bila kosa ile kweli ambayo Mungu alitaka iandikwe kwa ajili ya wokovu wetu, na kwamba msomaji anapaswa kutazama aina ya uandishi: historia ina namna yake, ushairi namna yake, na mwandishi wa kale hakuandika kama mwandishi wa ripoti ya leo. Nilipomaliza, wa hisabati (yule yule) akatuletea zawadi. Mtawa Dionisio Mdogo, aliyeanzisha hesabu ya miaka tangu kuzaliwa Kristo katika karne ya 6, alikosea hesabu. Kama Herode alikufa mwaka 4 KK, basi Kristo alizaliwa miaka kadhaa Kabla ya Kristo. Kile kicheko mnakikumbuka. Mlinzi alikuja na tochi.

Tuliitatua kesi? Hatukuitatua. Wataalamu Wakatoliki wenyewe hawajakubaliana: wapo wanaoona Luka ameunganisha kumbukumbu mbili, wapo wanaomtetea hadi leo. Padre alituachia hivyo hivyo, akauliza jambo moja tu: Luka anatafuta nini kwa kumweka Augusto juu ya ukurasa na mtoto horini chini yake? Kaisari anahesabu watu. Mungu anakubali kuhesabiwa. Nilikaa na sentensi hiyo miaka mingi bila kuigusa, mpaka Agosti 2022, karani wa sensa alipoketi kwenye ngazi yangu akiwa na kishikwambi na kuuliza, "Usiku wa kuamkia leo walilala wangapi hapa?" Matokeo yalipotangazwa, tukiwa 61,741,120, nilijua mmoja wao ni huyu wangu ambaye sasa anakariri jina la Kirenio.

Zile Jumatano mbili ndizo naziona ninapofikiria maisha ya kisomi ya Mkatoliki chuoni. Makongamano yalikuwepo, mabango yalikuwepo, fulana za TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki Tanzania, tulizivaa mpaka zikapauka. Lakini fundo la kanga lilifunguliwa pale kwenye kimbweta, mbele ya watu waliokuwa tayari kwenda maktaba kwa ajili ya hofu ya mwenzao. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa letu lijengwe juu ya Jumuiya Ndogondogo, sidhani walikuwa na picha ya wanafunzi wanaogombana juu ya liwali wa Shamu. Lakini jumuiya ni jumuiya.

Na hatukuwa wa kwanza. Kijana mmoja wa Kizanaki aliingia Makerere mwaka 1943. Desemba ile ile alirudi nyumbani, na tarehe 23, siku mbili kabla ya Noeli, akabatizwa Nyegina karibu na Musoma akachukua jina Julius. Alikuwa na miaka 21. Alibatizwa akiwa mwanafunzi wa chuo, kwa akili yake timamu. Akiwa Makerere alishiriki kikundi cha wanafunzi cha Catholic Action, na katika miaka hiyo hiyo akaandika insha iliyochukua hoja za John Stuart Mill, Mwingereza asiye Mkatoliki hata kidogo, kuitazama hali ya wanawake wa kwao. Insha ilishinda tuzo. Sijawahi kusikia kwamba Mill alimdhuru imani. Uzeeni akazitia Injili zote nne katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996. Mchakato wa kumtangaza mwenye heri unaendelea na mimi sitaki kulitangulia Kanisa. Nasema tu kwamba tukitafuta mwanafunzi Mkatoliki wa kumtazama, hatuna haja ya kuvuka bahari.

(Mwenzetu anayefanya udaktari na kumtaja Tomaso wa Akwino kila akiulizwa tasnifu imefika wapi: ni kweli kwamba tarehe 6 Desemba 1273, baada ya Misa, Tomaso aliacha kuandika, akasema yote aliyoandika anayaona kama mabua. Lakini alikuwa ameshaandika mamilioni ya maneno. Wewe uko sura ya pili.)

Noeli yenyewe ya mwaka ule ilikuwa ya kimaskini na nzuri. Wahandisi walijenga pango, wakabishana siku mbili kama paa la makuti litabeba nyota, wakawasha taa, na fyuzi ikakatika Gloria ilipoanza tu. Tuliimba gizani na hakuna aliyelalamika. Pilau tulipika vyumba vitatu, sufuria za kuazima. Jirani yangu wa chumba, Mwislamu kutoka Tanga, alikuja kutusaidia kuchambua mchele, akatusimulia Maryam wa Sura ya 19 ya Kurani: uchungu wa uzazi ulipomshika alikwenda kwenye shina la mtende, akaambiwa alitikise, zikamwangukia tende mbivu. Mtoto wa pwani aliisimulia kwa namna ambayo hata mwenyekiti wetu alisahau kijiko. Swali lililozuka baada ya hapo lilitufikisha saa nane usiku.

Homilia ya Epifania nayo haijanitoka. Padre alisema kwenye Noeli kuna wasomi wa aina mbili. Wa Herode walipoulizwa Masiha azaliwa wapi, walijibu papo hapo, Bethlehemu ya Yudea, na nabii wakamnukuu. Wangepata A. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kilomita kama kumi, pungufu ya Mlimani hadi Posta, na hakuna hata mmoja aliyeinuka. Waliofika ni wageni kutoka mbali, waliofanya kosa la kwenda kuuliza njia ikulu.

Ndugu zangu, mtanisamehe, kundi letu la simu sasa limekuwa kundi la michango. Harusi tumechanga, misiba tumezikana, na nashukuru sana, msiache. Picha za pango zenye maua yanayometameta nimezihesabu kumi na saba tangu asubuhi. Lakini mara ya mwisho mtu kuuliza kitu cha kutunyima usingizi ilikuwa lini? Tuna majaji humu, walimu, daktari wa watoto, mmoja anakagua mahesabu ya serikali. Hakuna linalowasumbua? Mimi ninalo moja, kutoka maabara, na nitalileta Jumatano ya kwanza ya Januari saa mbili usiku. Anayejua Kigiriki awe karibu.

Padre wetu mlezi amestaafu na macho yamepungua nguvu. Wa Dar, mpitieni, anapenda kusomewa.

Kila tarehe 24 Desemba, kwa miaka yote hii, mwenzetu wa historia hunitumia ujumbe wa maneno mawili: "Kirenio bado?" Nami humjibu, "Bado." Mwaka huu nimemwahi. Nimemtumia sauti ya binti yangu akitangaza sensa, jina la liwali analitamka kwa madaha yote ya darasa la nne, na mwisho wake anauliza swali lake mwenyewe, ambalo halimo kwenye karatasi: "Na Yesu naye waliandika jina lake?"

Ujumbe umesomwa. Bado hajajibu. Ngoja nikakune nazi.