Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi: Meli ikibadilika, mwenye mzigo aambiwe

Mheshimiwa Waziri,

Ninauza vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, hapa Nairobi, mahali ambapo mafundi wengi bado hupaita Grogan. Sina uwezo wa kujaza kontena peke yangu, kwa hiyo mzigo wangu kutoka China huunganishwa na wa wenzangu kumi hivi, kila mmoja na katoni zake.

Mwishoni mwa 2023, meli za kati ya Asia na Ulaya zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa kuhofia mashambulizi katika Bahari ya Shamu, nilidhani hayo hayanihusu, maana mzigo wa China kuja Mombasa haupiti bahari hiyo hata kidogo. Nilikosea. Safari hizo ndefu zilimeza meli na makontena, ratiba zikavurugika, na kufikia katikati ya 2024 bandari ya Singapore, ambako mizigo mingi huhamishiwa meli nyingine, ilikuwa imesongamana.

Katoni zangu za pedi za breki zilikwama huko. Katika karatasi ya mzigo iliyo kwenye faili langu, jina la meli limekatwa kwa kalamu mara mbili na la tatu limeandikwa pembeni. Mabadiliko yote hayo niliyajua siku moja, wiki tatu baada ya tarehe niliyoahidiwa, nilipokwenda mwenyewe kumuuliza aliyenisafirishia. Kumbe wakala wa meli alijua, na wakala wa forodha alijua. Mimi mwenye mali nikawa wa mwisho. Katika wiki hizo nilinunua pedi kwa jirani kwa bei ya rejareja ili nisipoteze wateja, na zilipomwishia naye, nilimtazama dereva mmoja wa matatu akiondoka na pedi kuukuu zilizopigwa msasa.

Mheshimiwa, hakuna waziri awezaye kuizuia meli isichelewe, wala siombi hilo. Orodha ya meli zinazotarajiwa Mombasa hutangazwa, lakini haimfai mtu asiyejua mzigo wake umehamishiwa meli ipi. Ninaomba kanuni itakayomlazimu kila anayeunganisha mizigo kumwarifu mwenye katoni kwa ujumbe wa simu, ndani ya siku mbili tangu meli au tarehe ibadilike. Tena, kontena likifika ghafla katika bandari kavu ya Embakasi, hapa Nairobi, na mmoja wetu hajapata fedha za ushuru, kontena zima husubiri na sote hulipia kulaza mzigo. Siku zisizotozwa zihesabiwe tangu tulipoarifiwa.

Kwa upande wangu, sasa ninaagiza miezi mitano mapema badala ya mitatu, ingawa ni kwa pedi na mikanda tu, kwa sababu mtaji hautoshi kuweka akiba ya vingine. Oda ya Desemba hutoka Julai. Ningeshukuru kanuni hiyo ikitangulia.

Wako mwaminifu,
Muuza vipuri, Barabara ya Kirinyaga, Nairobi