Kodi za nyumba za Dar zinaujaza Mkoa wa Pwani

Ndugu Mhariri,

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,024,947 mkoani Pwani, kutoka 1,098,668 mwaka 2012. Karibu mara mbili kwa miaka kumi! Dar es Salaam nayo ilitoka 4,364,541 ikafika 5,383,728, kasi ndogo zaidi.

Wengi husema ni watu wanakimbia vijiji. Ni kweli, ila si yote. Kijana anayefika kutoka Kigoma hukuta mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita, pengine mwaka mzima, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Akizipata fedha hizo, anaona heri anunue kiwanja Kibaha, Mlandizi au Mkuranga, asimamishe chumba kimoja na kuhamia hata kabla ya plasta. Jiji linavuka mpaka wake hivyo, barabara na maji vikija nyuma.

Kazi, lakini, zimebaki Kariakoo na Posta. Mama anaamka usiku wa manane kuwahi basi, na nauli inameza alichookoa kwenye kodi. Jambo hili linaniumiza sana.

Serikali isimamie kodi ilipwe kwa mwezi, na ijenge nyumba za kupanga za bei nafuu ndani ya jiji. Magomeni Kota, zilizozinduliwa 2022 kwa kaya 644, zimeonyesha kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kuishi ghorofani karibu na katikati ya mji. Kwa nini Temeke na Ilala zisifuate, kabla ardhi ya umma haijaisha?

Msomaji wako,
Kibaha