Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Futeni kifungu cha 217 kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mwezi uliopita mdogo wangu alijaribu kujiua. Majirani walimuwahi, yu hai, namshukuru Mungu. Tulipomfikisha hospitali tuliulizwa fomu ya polisi, PF3, kabla ya kuulizwa hali yake. Mama akabaki naye, mimi nikakimbilia kituoni kutafuta fomu. Jioni askari akaja wodini kuchukua maelezo, na mdogo wangu, ambaye hata maji yalikuwa hayapiti kooni, akaanza kuomba msamaha kama mwizi. Tangu aruhusiwe hataki kusikia habari za kliniki. Anaogopa kukamatwa.

Na sheria ya kumkamata ipo, Mheshimiwa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamfanya mgonjwa huyu kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mwingereza ndiye aliyetuachia. Kwao waliifuta mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Sisi bado tunaitunza!

Jirani zetu Kenya walirithi kifungu kama hicho. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kinakiuka Katiba yao. Pakistan walifuta cha kwao 2022, Ghana na Malaysia 2023. Dini tofauti, mila tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao aliyesema kujiua ni halali. Wamekubali tu kwamba pingu haitibu.

Tangu mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim aandike juu ya kujiua mwaka 1897, watafiti wameonyesha kwamba mtu anayetengwa na wenzake yuko hatarini zaidi. Shirika la Afya Duniani linataja vifo vya kujiua zaidi ya 720,000 kila mwaka, karibu robo tatu katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa visababishi wanataja maradhi ya akili, madeni, kufiwa, vipigo vya nyumbani, upweke. Kwa mdogo wangu naamini mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ilichangia: wakopeshaji walichukua pikipiki yake, naye akaacha kuonekana hata misibani. Pengine yapo mengine ambayo hajatuambia. Atayasemaje, wakati kusema ni kujishtaki? Familia nyingi huficha, zinasema marehemu aliugua ghafla, na kwa kuficha huko hata takwimu zenu zinapungua ukweli.

Serikali ilikubali malengo ya dunia ya 2030, na vifo hivi ni mojawapo ya vipimo vyake. Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008. Mnasubiri nini?

Pelekeni muswada bungeni, kifungu cha 217 kifutwe. Na kabla Bunge halijakaa, zungumzeni na wenzenu wa Afya na Mambo ya Ndani, waraka uende kila hospitali na kila kituo cha polisi: mgonjwa atibiwe kwanza, asihojiwe kitandani. Mdogo wangu anahitaji kurudi kliniki wiki hii. Nipeni neno la kumwambia kwamba hatakamatwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Dada wa mgonjwa, Mwanza