Dada, Desemba nisipewe kata

Glasgow, Jumapili, 9 Novemba 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii uisome peke yako kwanza, kabla ya kumsomea Mama. Ukimaliza utajua sehemu ipi umsomee sasa na ipi ningoje nimwambie mwenyewe. Nimeandika kwa kalamu na kumpa mtu anayesafiri kuja Moshi, kwa sababu kwenye simu nimekudanganya sana. Kila ukiuliza "hujambo huko?" mdomo wangu unajibu "niko salama" kabla sijafikiri.

Leo nina siku 251 bila pombe. Sijaonja hata kijiko tangu Jumatatu ya tarehe 3 Machi. Najua kitakachokushtua si hizo siku, ni yale yaliyokuwepo kabla yake. Nyumbani mlijua nakunywa kama watu wanavyokunywa. Haikuwa hivyo, na ilikuwa miaka sita.

Unaikumbuka ile sauti niliyokutumia WhatsApp mwezi wa pili? Dakika kumi na moja. Wewe uliipata saa tisa alasiri, kwangu ilikuwa saa sita mchana, nimetoka zamu ya usiku na nilitakiwa niwe nimelala. Hukusema mengi. Uliandika tu, "Pumzika, mdogo wangu." Nilipoamka jioni nikaona maneno hayo na sikujua unajibu nini. Sikukumbuka kutuma kitu chochote. Nikaisikiliza kituoni nikingoja basi la kwenda kazini. Nalalamika kuhusu kihamba, shamba letu la ukoo, namlaumu Mama kwa mambo ambayo hakuyafanya, nalia, nakuuliza swali lile lile mara tatu. Lakini maneno hayakuniumiza kama ile sauti yenyewe. Dada, ile ilikuwa sauti ya Baba. Baba akirudi kutoka kilabuni, hajavuka mfereji bado, na sisi tumeshazima koroboi ili adhani tumelala. Kuvuta maneno kule, kunyamaza katikati, halafu kuanza upya kwa hasira. Basi lilipokuja nilipanda, nikapitiliza kituo changu, na sikugundua mpaka mwisho wa njia.

Ilianza kwa kutafuta usingizi. Unajua kazi yangu ni kuwatunza wazee kwenye makao yao: kuwageuza, kuwaogesha, kuwavalisha. Zamu inaisha saa mbili asubuhi. Siku hizi jua huku linazama saa kumi na robo, na ikifika katikati ya Desemba ni saa kumi kasorobo, kwa hiyo anayefanya kazi usiku na kulala mchana anaweza kukaa wiki nzima bila kuliona. Mwili hauelewi. Mwenzangu mmoja akaniambia glasi moja inasaidia kulala, na ikasaidia kweli. Baada ya miezi michache ikawa mbili, kisha sikuhesabu tena.

Sheria ya Uskoti hairuhusu duka kuuza pombe kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo nilikuwa natoka kazini saa mbili, nazunguka. Nanunua mkate. Nakaa kwenye benchi na baridi ile. Nilijiambia nasubiri kwa kuwa sina haraka ya kwenda nyumbani. Asubuhi moja nikajikuta wa tatu kwenye foleni mlangoni, wote wanaume, wote tunaangalia chini, hakuna anayemsalimu mwenzake. Tulijuana kwa sura na hatukutaka kujuana zaidi. Hapo nilipaswa kuelewa. Nilichofanya ni kutafuta duka jingine.

Huku pombe inahesabiwa kwa kipimo wanachokiita uniti. Uniti moja ni mililita 10 za kileo kitupu. Madaktari wa Uingereza wanashauri mtu asizidishe uniti 14 kwa wiki. Chupa ya vodka ya mililita 700 yenye kileo cha asilimia 37.5 ina uniti 26. Mimi chupa moja ilikuwa inanichukua siku mbili. Fanya hesabu, Dada. Kiasi cha wiki nzima, karibu chote, nilikuwa nakimaliza kila asubuhi na mapazia nimeyafunga.

Na hela. Hapa serikali imeweka bei ambayo pombe haiwezi kuuzwa chini yake. Ilianza Mei 2018 kwa peni 50 kila uniti, na Septemba mwaka jana ikapanda hadi peni 65. Maana yake ile chupa haiwezi kushuka chini ya pauni 17. Bei ilipopanda sikupunguza kunywa, nilipunguza kula. Kwa mwaka inazidi pauni 3,000, zaidi ya milioni kumi zetu. Uliponiuliza kuhusu mabati ya nyumba ya Mama nikakujibu kodi ya nyumba imepanda, sikuwa nasema kweli. Kodi haikupanda. Mabati ya Mama niliyanywa.

Kazini sikuwahi kwenda nimelewa. Huo ndio ulikuwa utetezi wangu, niliushika kama ngao. Lakini kulikuwa na mzee mmoja niliyekuwa namvalisha shati kila alfajiri, na vifungo vikaanza kunishinda. Mikono inatetemeka. Siku moja, baada ya kuihangaikia kola muda mrefu, yule mzee, ambaye hata kijiko anashikiwa, aliniwekea mkono wake juu ya wangu na akautuliza hapo. Hakusema neno. Nilitoka nikaenda kusimama chumba cha mashuka.

Nikaamua kuacha mwenyewe, kwa siri, kama mwanaume. Siku ya kwanza jasho na kutetemeka. Siku ya pili moyo unakimbia, sijalala, nikaanza kuona kitu kama sisimizi wanapanda ukutani na nikijua kabisa hawapo. Nikakimbilia dukani. Nilikunywa nikiwa nimesimama, na mikono ikatulia, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Tunaita arosto, tunazungumzia kama jambo la vijana wa mtaani. Ilikuwa imenishika mimi, mzee wa kanisa wa kesho.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Unakumbuka Baba Mdogo alivyofungiwa kwenye banda siku tatu ili pombe imtoke? Akaanguka, akatoka povu, akajing'ata ulimi, tukasema amerogwa, wengine wakasema kifafa cha ukoo. Daktari wa huku amenieleza. Pombe hupooza ubongo, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku huzoea kujichochea ili uweze kushindana nayo. Ukiiondoa ghafla, ule uchochezi unabaki bila kizuizi. Ndiyo kutetemeka, ndiyo kuona visivyokuwepo, ndiyo degedege, na watu wengine hufa. Hakuna aliyemroga Baba Mdogo. Tulimfungia ndani na hatari yake kwa upendo kabisa, bila kujua. Kama bado anakunywa kila siku kama ulivyoniambia, tafadhali msimwachishe kwa nguvu na msimfungie tena. Mpelekeni hospitali ya KCMC, na mwambieni daktari ukweli wote: anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na asubuhi anazimua au hazimui.

Mimi kwa daktari nilikwenda nikiwa nimejiandaa kudanganya. Akanipa karatasi ya maswali kumi yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani. Kuna moja linauliza ni mara ngapi umehitaji kunywa asubuhi ili siku ianze. Jingine, ni mara ngapi umeshindwa kukumbuka kilichotokea kwa sababu ulikuwa umekunywa. Jingine, kama ndugu au rafiki amewahi kuonyesha wasiwasi. Nilipofika kwenye hilo nikaliona lile neno lako, "Pumzika, mdogo wangu," na kalamu ikaandika ukweli. Nilipata 27 kati ya 40. Kuanzia 20 wanasema mwili huenda umeshakuwa mtumwa. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu kama niko tayari, akanipangia vidonge vya kutuliza ambavyo dozi inapungua kila siku kwa juma zima, pamoja na vitamini B1, kwa sababu pombe huimaliza mwilini na ubongo ukiikosa unaharibika. Muuguzi alikuja kila siku kunipima. Siku ya nne nililala saa sita mfululizo. Niliamka nikasikia njaa, nikalia kwa sababu ya njaa tu.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kazi ilianza vidonge vilipoisha.

Siku hizi Jumanne na Ijumaa nakwenda kwenye mkutano wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, chini ya kanisa moja, kuna viti vya plastiki na birika kubwa la chai. Watu wanatumia jina la kwanza tu. Hakuna ada, sharti ni moja, uwe unataka kuacha. Mwezi wa kwanza sikuelewa hata nusu ya Kiingereza chao cha Glasgow, lakini nilielewa wanapolia. Walinisimulia chama kilivyoanza mwaka 1935: Bill Wilson, mtu wa mambo ya hisa kutoka New York, alikwama kibiashara katika mji wa Akron, Ohio. Yuko hotelini, mgeni, baa iko pale pale. Badala ya kuingia baa akaanza kupiga simu kwa wachungaji, akiomba wamtafutie mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Wakampata daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wakazungumza. Hadithi hiyo imenikaa kwa sababu ya ule ugeni. Nami nilikuwa ugenini na nilikuwa nakupigia simu wewe, ila nilisubiri nilewe kwanza ndipo nipige.

Kuna siku mbaya. Septemba nilisimama mbele ya lile duka dakika ishirini. Nilimpigia simu mzee mmoja wa mkutanoni, akaja na basi, tukala viazi tukiwa tumesimama pale nje, na akanisindikiza nyumbani. Hatukuongea jambo la maana.

Sasa kuhusu Mama. Naogopa atafikiri ni mtungi wake ulioniharibu. Mwambie, kwa maneno yako ambayo siku zote ni laini kuliko yangu, kwamba haikuwa mbege, ile pombe yake ya ndizi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mbege yake, nami najua. Namwona alfajiri anachochea ndizi mbivu kwenye pipa, moshi umemjaa machoni, halafu zile siku za kungoja, kisha kimea cha ulezi, magome ya msesewe, na sisi tukitumwa kuchota maji kwenye mfereji. Alitulea kwa mikono ile. Simkatazi kupika na sina haki ya kumkatazia. Naomba tu mwezi nitakaokuwa hapo mapipa yakae kwa jirani, au mimi nilale kwako.

Kisha kuna mahari ya binti wa Baba Mkubwa, tarehe 27 Desemba. Najua kata ya mbege itazunguka. Najua Baba Mkubwa atakunywa kwanza, aipitishe, na ikinifikia macho yote yatakuwa kwangu kwa sababu ndiyo kwanza nimerudi. Najua pia maana ya kuikataa kata kutoka kwa mkono wa mzee. Nimelifikiria hili usiku mwingi kuliko nauli. Siwezi kuonja kidogo ili kulinda heshima, Dada. Kwangu mimi hakuna kidogo. Kwa hiyo naomba uende kwake mapema, kabla ya wageni, umkalishe umweleze kwamba mtoto wake anaumwa na ugonjwa huu dawa yake ni kutogusa. Si dini mpya wala kiburi cha Ulaya. Mwombe yeye mwenyewe, mbele ya watu, anipe maziwa ya mgando kwa kata ile ile. Yakitoka mkononi mwake hakuna atakayeuliza. Akikataa, niambie, nami siku hiyo nitabaki jikoni na akina mama kumenya ndizi za mtori, na sitaona haya.

Ningekuwa karibu ningekuja na jani la isale la kuombea msamaha mkononi, nisimame mlangoni kwako mpaka uniambie niingie. Nakuomba msamaha kwa ile sauti, kwa mabati, na kwa miaka sita ya "niko salama". Mama nitamwomba mwenyewe, ana kwa ana. Jani nitalichuma pale pale kwenye mpaka wa kihamba.

Hela ya mabati nimeshaanza kuiweka kando. Imefika ya bando mbili. Usimwambie bado, nataka amsikie fundi akipanda.

Natua uwanja wa ndege wa KIA Alhamisi ya tarehe 18 Desemba, mchana. Njoo peke yako kunipokea, wengine nitawakuta nyumbani. Ukishasoma hii, nitumie sauti. Ndefu kadiri unavyotaka, na ukitaka kunigombeza nigombeze. Nitaisikiliza asubuhi nikitoka kazini, nikiwa ninatembea moja kwa moja kwenda nyumbani.

Mdogo wako