YAH: Poda ya kabla ya mazoezi na nilivyotendewa kaunta kwenu

Kwa Meneja Mkuu,

Salaam. Ninakuandikia kwa heshima, ingawa mimi heshima hiyo sikuipata dukani kwenu. Utaratibu wenu wa kurudisha bidhaa mnaujua wenyewe, sina haja ya kuwasomea.

Kopo mliloniuzia lina stika ya duka lenu. Inasema kijiko kimoja kina miligramu 100 za kafeini, na mtu anywe vijiko 2 nusu saa kabla ya mazoezi. Nimeibandua. Chini yake lebo ya kiwandani inasema miligramu 300 kwa kijiko, na kwa siku kisizidi kijiko 1. Kwa hiyo, kwa kufuata maelekezo yenu, nilikunywa miligramu 600 kwa mkupuo mmoja. Nina kilo 62. Kinachomsaidia mwendesha baiskeli ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili. Ninyi mlinipa karibu 10. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza tangu 2015 kwamba kwa mtu mzima mwenye afya usalama unaishia miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku nzima.

Tulikuwa tunaelekea Kayabwe kwa baiskeli, pale ikweta. Tulipoipita Mpigi moyo ulinienda mbio hata kwenye mteremko, mikono ikatetemeka, vidole vikashindwa kukamata breki. Malori ya barabara ya Masaka mnayajua. Wenzangu ndio walionisimamisha na kunifikisha zahanati.

Nikaja dukani na kopo, stika na risiti. Kijana wenu wa kaunta alilinyanyua kopo juu, akawaambia wateja waliokuwa kwenye foleni: "Hawa wa baiskeli ndio wala dawa. Wanataka nguvu za bure, zikija wanalia." Watu wakacheka. Msimamizi wa tawi alikuwa amesimama pale pale, naye akatabasamu.

Na kabla ya hapo nilikuwa nimepiga simu, nikajibiwa vizuri kabisa: "Lete kopo, mzee, tutakubadilishia." Hiyo ndiyo sababu nilikuja.

Narudia, ili msiseme hamkuelewa. Nilikuwa na binti yangu. Alikuwa amenishika mkono wakati kijana wenu ananyanyua kopo lile na kuniita mla dawa mbele ya watu nisiowajua. Nilipomwomba msimamizi aandike malalamiko yangu kwenye daftari, alisema daftari limejaa. Limejaa! Njiani binti akaniuliza kama ni kweli natumia dawa. Nimjibu nini mtoto? Kafeini imo kwenye kahawa inayolimwa Masaka, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, iliitoa kwenye orodha ya marufuku tangu 2004. Mimi si mla dawa. Ni baba anayeamka alfajiri kuendesha baiskeli kabla ya kwenda kazini, na nilinunua kwenu kwa sababu niliamini mnajua mnachouza.

Nilipoanza barua hii nilitaka shilingi zangu 185,000 tu. Sasa nataka na gharama za zahanati. Nataka pia makopo yote yenye stika hiyo yaondolewe kwenye rafu leo, maana kuna vijana wa Ntinda na Najjera wanaonunua hapo hapo kwenu, na wengine wana shinikizo la damu bila kujijua. Mtu wa namna hiyo akinywa 600 asubuhi, saa 5 baadaye bado ana kama nusu yake mwilini, na mchana atakunywa chai na soda kama kawaida.

Na msimamizi aniombe radhi kwa maandishi. Hapana, maandishi hayatoshi: aniombe pale pale kaunta, dukani kukiwa na wateja, binti yangu akisikia.

Nawapa siku 7. Stika nimeihifadhi, kopo nimelifunga, picha ninazo, na cheti cha zahanati kina tarehe. Siku ya 8 vitakuwa mezani kwa Shirika la Viwango, UNBS, na nakala kwa Mamlaka ya Dawa, NDA. Wakili nimeshaongea naye. Swali atakalowauliza kwanza ni nani aliyeagiza stika ile ichapishwe.

Mteja wenu,
Ntinda, Kampala