Sare za sherehe zimejaza makabati yetu

Mhariri,

Kila mjadala wa nguo unapoibuka katika nchi yetu, huishia kwenye mtumba na viwanda. Ndivyo ilivyokuwa mwezi Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokutana Arusha na kukubaliana kwamba nguo za mitumba ziondolewe sokoni kwa awamu ndani ya miaka 3. Na ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2018, Rwanda iliposhikilia ushuru wake mkubwa hata Marekani ikasitisha msamaha wa kodi kwa mavazi yanayotoka huko, huku sisi Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, tukiwa tumekwisha kurudi nyuma. Mjadala huo una uzito wake na siupingi. Naomba tu nafasi katika gazeti lako nizungumzie nguo ambazo hazisubiri meli wala kiwanda, kwa kuwa ziko tayari katika makabati na masanduku yetu, na hasa aina moja ya nguo hizo, yaani sare za sherehe.

Mtu yeyote anayeishi Dar es Salaam anajua mambo yanavyokwenda. Harusi moja ina kicheni pati, sendofu na harusi yenyewe, na kila shughuli ina rangi yake na kitambaa chake. Kamati huchagua, picha ya kitambaa hutumwa kwenye kundi la WhatsApp, na mwalikwa, ambaye mchango wake pengine bado haujakamilika, hununua kitambaa, hukipeleka kwa fundi, huvaa nguo jioni moja na kuitundika. Mwaka unaofuata ndugu mwingine atachagua rangi nyingine. Mwezi uliopita nilizitoa nguo zangu zote, nikazipanga kitandani na kuzihesabu: katika magauni 31, 17 yalishonwa kwa ajili ya sherehe za watu, na 11 kati ya hayo niliyavaa mara moja tu. Nilikaa pale kitandani muda mrefu nikiyatazama, kwa sababu kila moja nilikuwa nimelilipia mara mbili, dukani na kwa fundi, na mengi yalikuwa yamekwisha kunibana.

Mama zetu hawakuishi hivyo, na nakataa kauli kwamba ni umaskini peke yake uliowafanya watunze nguo. Doti ya khanga ilianza kama vazi la kutokea. Ilipopauka ikawa ya kuvaa jikoni, halafu ikawa mbeleko, halafu ikachanwa nepi, na mwisho kabisa ikawa dekio. Kola ya shati la baba ilipochakaa, fundi aliifumua na kuigeuza, upande uliokuwa ndani ukatoka nje, na shati likaendelea kwa miaka mingine. Suruali ya kaka ilipunguzwa ikawa ya mdogo wake. Huo ndio mzunguko ambao wataalamu wa mazingira wanautaka leo wanapozungumzia uchumi rejeshi, na kizazi kilichoufahamu kwa vitendo bado kipo hai, kinaweza kuulizwa.

Kilichobadilika sana ni kitambaa chenyewe. Khanga ya pamba ikichoka huoza na kurudi udongoni. Satini, lesi na vitambaa vingi vinavyong'aa, ambavyo kamati zetu huvipenda kwa sababu hutoka vizuri kwenye picha, kwa sehemu kubwa ni poliesta, na poliesta ni plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Ikifika kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi haiozi kama pamba, na ikichomwa uani hutoa moshi mbaya ambao watoto wetu huuvuta. Mwaka 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, na watu waliosema haiwezekani leo wanakwenda sokoni na vikapu vyao; sioni kwa nini plastiki tunayoivaa isitazamwe kwa jicho lile lile.

Nikilisema hili mbele ya wanakamati, jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba sare huwapa mafundi cherehani riziki. Hoja hiyo ina ukweli, lakini nimeketi na mafundi vya kutosha kujua upande wake wa pili. Kazi ya sare huja yote kwa mpigo, wiki moja kabla ya shughuli, fundi hukesha, mishono huwa ya haraka, na baada ya hapo hukaa wiki kadhaa bila mteja. Kazi ya kutanua, kupunguza, kubadili zipu, kukata gauni refu likawa blauzi na sketi, ingekuwapo mwaka mzima kama sisi wateja tungeipeleka na kuilipia kwa haki, badala ya kuiita kazi ndogo na kutaka ifanywe bure kwa sababu ya kufahamiana. Ufaransa wameliona hilo: tangu mwaka 2023, mteja anayepeleka nguo au viatu kwa fundi aliyeingizwa katika mpango wao hupunguziwa gharama kwa euro 6 hadi 25, na fedha hizo hutoka kwenye michango ya makampuni yanayouza nguo mpya. Sisemi tuige kiasi hicho. Naziomba halmashauri zetu, zinapojenga masoko mapya, zitenge meza za mafundi wa kurekebisha nguo, maana wengi wao hukaa kwenye baraza za maduka ya watu bila hakika ya kesho.

Kwa wanaoshona nguo mpya kwa sababu ya lazima, nina ombi dogo ambalo fundi yeyote mzuri atalielewa: mwambieni aache upana wa vidole viwili ndani ya mshono wa ubavuni na kwenye pindo. Nguo nyingi za siku hizi hukatwa na kupigwa ovaloki karibu kabisa na mshono, kwa hiyo mwili ukiongezeka kidogo hakuna pa kutanulia. Na nguo za rangi zianikwe kivulini, zikiwa zimegeuzwa ndani nje, kwa sababu jua la pwani huzipausha kabla hazijachakaa.

Ombi langu kubwa nalielekeza kwa kamati za harusi, na nimeanza na yetu. Mpwa wangu anaolewa mwezi Desemba. Baada ya vikao viwili vigumu tulikubaliana kwamba hakuna kitambaa kitakachochaguliwa. Kadi zimeandikwa kwamba waalikwa waje na vazi lolote lenye rangi ya kijani walilo nalo, na asiye nalo ajitande mtandio wa kijani. Wa kwanza kunipigia simu alikuwa shangazi yake bwana harusi, akiuliza kama gauni la sare aliloshona mwaka 2014 linafaa. Nilimjibu kwamba linafaa sana, nikampa na namba ya fundi wangu ili akalitanue kiunoni.

Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam.